Mtoto akigonga mlango wako: kuendesha nyumba za kukimbilia mtaani

Swali: "Mimi ni mama wa watoto wawili na katibu wa kikundi cha majirani. Miezi miwili iliyopita mtoto wa miaka 8 wa mtaani kwetu alifuatwa na mwanamume asiyemjua alipokuwa akitoka shule. Alikimbia akapita mbele ya nyumba zetu saba, asigonge hata moja. Alifika kwao akihema, na mpaka leo hataki kwenda shule peke yake. Tuliumia sana, tukaamua kuwa na nyumba salama: nyumba zenye kibao, ambazo mtoto yeyote akipata shida anaweza kuingia. Watu 11 wamejitolea. Lakini kwenye kikao cha mwisho mzee mmoja alisimama akauliza, 'Mna uhakika gani kwamba hamtampa mhalifu kibao?' Watu walikasirika. Mmoja wa waliojitolea naye amekataa kwenda polisi kuomba hati ya kuonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, anasema tumemvunjia heshima. Sasa naogopa. Je, tuendelee? Na tukiendelea, mtoto akiingia tufanye nini hasa? Akisema anayemtesa yuko nyumbani kwao, je?"

Jibu:

Dada yangu, hofu yako ina msingi, na mzee yule ameuliza swali ambalo kila kikundi cha namna hii kinapaswa kuulizwa kabla hakijapigilia msumari wa kwanza. Nitalijibu. Lakini kwanza tuliweke sawa jina, maana hapo ndipo matatizo mengi huanzia.

Watu wengi wakisikia "nyumba salama" hufikiria makao anakopelekwa mtoto au mwanamke aliyekimbia ukatili, akalala huko siku kadhaa au miezi, akihudumiwa na watu waliosomea kazi hiyo na wenye kibali. Ninyi hamfanyi hivyo, wala msijaribu. Mnachotaka ni mlango wa kugonga na mtu mzima wa kupiga simu. Mimi huziita nyumba za kukimbilia, na huwaambia wanaojitolea kwamba mtoto anakaa pale kwa muda wa kungoja aliyeitwa afike, basi. Halali. Hatunzwi. Halishwi. Nimeona vikundi vyenye watu wema kabisa vikiteleza hapa: mtoto kaingia jioni analia, mwenye nyumba kamwonea huruma, kampikia, kamlaza, asubuhi ndipo kawatafuta wazazi. Usiku huo wazazi walikuwa wakizunguka na tochi. Huruma ile haikuwa na kosa, ila utaratibu haukuwepo wa kuiongoza.

Wazo lenyewe si geni. Kanada walianza mwaka 1968, katika mji wa London ulioko jimbo la Ontario, kwa mpango unaoitwa Block Parent: nyumba inaweka kibao dirishani, na watu wanaoishi ndani ya nyumba hiyo wanachunguzwa na polisi kwanza. Mwaka 1983, huko Louisville, Marekani, chama cha YMCA kilianzisha mpango wa vijana unaotumia maduka, vituo vya zimamoto na maktaba badala ya nyumba za watu. Japani wana vibandiko vinavyomwambia mtoto kwamba hapa ni "nyumba ya 110", na 110 ndiyo namba ya polisi kule. Utaviona kwenye nyumba, maduka, hata vituo vya mafuta. Na kuna upande wa pili wa historia hii: Marekani walikuwa na mtandao mkubwa wa nyumba zilizoitwa McGruff House, na mwaka 2012 taasisi iliyousimamia kitaifa iliusitisha. Nalitaja hilo ili ujue mapema kwamba kuanzisha ndiyo sehemu nyepesi.

Sasa swali la mzee. Ndiyo, inawezekana kumpa mhalifu kibao. Mtu anayewinda watoto hutumia muda mrefu kujenga imani: kwanza kwa wazazi, kisha kwa mtoto, kisha anaanza kumtenga mtoto na wengine kidogo kidogo, na mwisho anamfunga kwa siri. Kazi hiyo humchukua miezi, pengine miaka. Kibao chenu kinaweza kumpa kwa siku moja ile imani ambayo angeihangaikia mwaka mzima. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema, "Huyu tunamfahamu, tumekaa naye miaka ishirini." Watoto wengi wanaodhulumiwa kingono hudhulumiwa na watu wanaowafahamu, na mara nyingi ni watu ambao mtaa mzima ungewaapia.

Hati ya polisi ni lazima, lakini ijueni mipaka yake. Inaonyesha aliyekamatwa na kuandikwa. Ambaye hajawahi kushtakiwa, hati yake itatoka safi. Kwa hiyo usalama wa mpango wenu hauwezi kuegemea juu ya kujua nani ni mwema. Uegemee juu ya taratibu zinazofanya siri isiwezekane, hata kama aliye ndani si mwema. Mlango wa mbele unabaki wazi, au mtoto anakaa barazani mahali anapoonekana kutoka njiani. Mwenye nyumba anampigia jirani mwenzake wa mpango aje mara moja, ili watu wazima wawe wawili. Simu kwa mzazi au polisi inapigwa ndani ya dakika za kwanza, mtoto akiisikia. Kila tukio linaandikwa daftarini na mratibu anaarifiwa siku hiyohiyo. Mtu mwenye nia mbaya hapendi nyumba ya namna hii. Wengine hujiondoa wenyewe mkishasoma masharti, na msiwafuate kuwauliza kwa nini.

Kitu cha pili, ambacho wengi hukisahau: watoto nao wafundishwe masharti hayo. Mtoto ajue kwamba mwenye nyumba hatampeleka chumbani, hatamshika mwili, hatamwambia "hii iwe siri yetu", hatamzuia kutoka. Likitokea lolote kati ya hayo, atoke na kukimbilia kwingine, kisha amwambie mtu mzima anayemwamini. Ajue pia kwamba nyumba yenye kibao si ya kupitia kuomba maji au kuangalia televisheni. Ni ya siku ya shida.

Kuhusu jirani aliyeona amevunjiwa heshima, usimjibu kwenye kikao. Nenda kwake na hati yako mkononi. Wewe katibu uwe wa kwanza kuchunguzwa, na mumeo kama unaye, na mtoto wako aliyekwisha kuwa mtu mzima kama anaishi kwako. Kila mtu mzima anayelala chini ya paa hilo anahusika, pamoja na mpangaji wa chumba cha nyuma na msaidizi wa kazi. Mwambie hivi: "Mtoto anayekimbia hawezi kukuchunguza wewe. Anakiamini kibao tu, na mimi ndiye niliyekiweka." Watu wengi hulainika hapo. Asipolainika, mshukuru, na mpe kazi nyingine isiyomkutanisha na mtoto peke yake. Zipo nyingi, kuanzia kuchora ramani hadi kutengeneza vibao. Kukataa kwake si ushahidi wa ubaya, msianze kumnong'onea. Lakini kibao hapewi. Na kwa kila anayeomba kibao, juu ya hati ongezeni mambo mawili: wadhamini wawili wasio ndugu wa mwombaji, na watu wawili wa kikundi wakaitembelee nyumba.

Ziara hiyo ifanywe kwa macho ya mtoto. Mara moja nilitembea na watoto wanne katika njia yao ya shule ili watuonyeshe wangekimbilia wapi. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri kwenye karatasi: bibi mstaafu, yuko nyumbani siku nzima, anapenda watoto. Msichana wa miaka 7 akafika getini, akanyoosha mkono, kengele ikawa kiganja kizima juu ya vidole vyake. Akaruka, hakuifikia. Akapiga geti kwa ngumi, ikatoka sauti ndogo ambayo mtu aliye jikoni asingeisikia. Kisha mbwa akabweka upande wa pili, na msichana akarudi nyuma hadi katikati ya barabara bila kuangalia. Yule bibi alikuwa amesimama nasi, akaziba mdomo kwa mkono. Wiki hiyohiyo kengele ilishushwa na mbwa akahamishiwa nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo tunafika kwa mtoto wenu wa miaka 8, aliyepita nyumba saba. Najua mnajiuliza kwa nini hakugonga. Hofu kubwa inapunguza anachokiona mtu. Mwili unatafuta njia iliyozoeleka, na kwa mtoto njia hiyo ni ya kwao. Hawezi katika dakika hiyo kupima mlango upi una mtu mwema, hasa kama maisha yake yote ameambiwa asiongee na asiowajua. Mafundisho hayo ya "usiongee na mgeni" yana shida zaidi ya moja: yanamwacha mtoto bila ulinzi dhidi ya anayemjua, na yanamfungia milango siku anapohitaji msaada wa asiyemjua. Mfundisheni kutazama tendo. Mtu yeyote, awe mgeni au mjomba, anayemtaka aondoke naye bila mzazi kujua, anayemwomba afiche jambo, anayemgusa pasipostahili: huyo wa kukimbiwa.

Kwa sababu ya namna hofu inavyofanya kazi, kibao peke yake hakitamsaidia mtoto, wala hotuba mstarini shuleni. Mtoto mdogo anaweza kukariri kanuni yote na asiitumie kabisa siku yenyewe. Kinachoingia ni mazoezi mahali penyewe: atembee njia yake, aonyeshwe, akimbie mwenyewe hadi mlangoni, agonge, aseme kwa sauti "Nisaidie, kuna mtu ananifuata", afunguliwe na sura ambayo ataikumbuka, aambiwe alichofanya vizuri, arudie. Fanyeni hivyo mwanzoni mwa kila muhula. Na nyumba ziwe kwenye njia yenyewe, si vichochoroni, ziwe karibu kiasi kwamba mtoto anayekimbia hapotezi pumzi kati ya moja na nyingine. Kati ya hizo 11 mlizo nazo, huenda nne tu ndizo zinazofaa. Anzeni na nne.

Mtoto akigonga, fungua, mkaribishe palepale panapoonekana, jishushe hadi macho yenu yawe sawa, sema jina lako. Sauti ya chini. Usimkumbatie hata kama anatetemeka, isipokuwa yeye ndiye aliyekushika. Muulize umeumia wapi, unaogopa nini, tumpigie nani. Akiwa amejeruhiwa vibaya, gari la wagonjwa kwanza. Akiwa amefuatwa, polisi kwanza, mzazi pili. Ikiwa amepotea tu au amekuta nyumbani pamefungwa, mzazi au shule. Usitoke kumkimbiza mtu aliyemfuata. Angalia kwa dirisha alivyovaa na alikoelekea, uandike. Usimpakie mtoto kwenye gari lako kumrudisha. Maji mpe, chakula na dawa usimpe, kwa kuwa hujui mwili wake unakataa nini. Akitaka choo, mwonyeshe mlango, ubaki mbali. Usimpige picha, na tafadhali sana, usiandike lolote kwenye kundi la simu la mtaa. Jina la mtoto likishasambaa halirudishwi, na wakati mwingine anayemtafuta yumo kwenye kundi hilohilo.

Kumkabidhi ni hatua ambayo watu huilegeza kwa kuwa wamechoka na wanataka jambo liishe. Anakuja mtu akihema, anasema, "Mimi ni mjomba wake, mama kanituma." Inawezekana ni kweli. Piga simu kwa mama. Wazazi wanaojiunga waandike mapema majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, orodha iwe kwa mratibu, na kila familia iwe na neno lake la siri ambalo mtoto analijua. Pasipo uthibitisho, mtoto anatoka na polisi au mwalimu, hata kama mjomba atafoka.

Sasa lile swali lako zito. Mtoto ameingia kwa sababu ya mvua, au mbwa, ametulia, kisha anasema kwa sauti ndogo kwamba hataki kurudi nyumbani kwa sababu fulani anamfanyia jambo. Utasikia damu ikikupanda. Tulia, kwa sababu anakusoma uso. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitamwambia mtu ambaye kazi yake ni kulinda watoto." Msikilize anachotaka kusema, na ukilazimika kuuliza, uliza swali lisilo na jibu ndani yake: "Niambie kilichotokea." Usimwulize, "Ni baba? Alikushika hapa?" Mtoto hupenda kumridhisha mtu mzima, na akiulizwa hivyo anaweza kuitikia jambo ambalo halikutokea, au kumbukumbu yake ikachanganyika na maneno yako. Baadaye, mbele ya wapelelezi au mahakamani, ushahidi wake unavunjwa kwa sababu wewe, kwa nia njema, ulimtangulia. Usimrudishe kwenye maelezo mara tatu. Andika maneno yake kama alivyoyasema, hata kama ni ya kitoto, pamoja na saa.

Hapo utaratibu wa kumpigia mzazi unasimama. Ukipiga simu nyumbani unamwarifu anayetuhumiwa, na kabla jua halijazama mtoto atakuwa amefundishwa la kusema. Piga polisi wanaoshughulikia watoto, afisa ustawi wa jamii, au namba ya simu ya kusaidia watoto ya nchi yako. Nchi nyingi zina sheria inayowataka watu fulani, na kwengine kila mtu, kutoa taarifa. Ulizieni yenu inasemaje kabla ya siku hiyo kufika. Wala msichunguze wenyewe. Si kazi yenu kujua kama ni kweli.

Je, muendelee basi? Nitakuambia ninavyoona. Kama polisi wa eneo lenu wako tayari kuchunguza watu, shule iko tayari kushiriki, na yupo mtu mmoja atakayeshika daftari mwaka hadi mwaka, endeleeni. Kama moja ya hayo halipo, msiweke vibao kwenye nyumba za watu. Tumieni mahali pa wazi: duka la dawa, zahanati, maktaba, duka lenye watu muda wote. Kuna macho mengi, milango haifungwi saa za shule, na siri ni ngumu. Upungufu wake ni kwamba wafanyakazi hubadilika, na mhudumu mpya hajui kibao kile ni cha nini, kwa hiyo inabidi mpite kila mwezi kuwakumbusha. Kwa mtaa wenu, kama ningekuwa mimi, ningechanganya: maduka mawili na nyumba nne.

Na msiwaahidi wazazi kupita kiasi. Madaftari niliyowahi kuyapitia yamejaa mambo madogo: goti lililochubuka, funguo zilizosahaulika, wakubwa wanaowanyang'anya wadogo mikoba, radi. Hayo yanatosha kuhalalisha mpango. Lakini nyumba ya kukimbilia haimfikii mtoto anayeumizwa ndani ya kwao na hajawahi kusema, na mzazi asilegeze macho kwa sababu kuna kibao barabarani.

Kibao chenyewe kiwe na namba, kiandikwe kwenye daftari, kiwe mali ya kikundi. Mimi napendelea kile cha kuweka dirishani na kukiondoa ukitoka, kwa sababu mtoto akigonga mlango wenye kibao usifunguliwe, mara nyingine hatagonga tena. Udhia wake ni kwamba watu husahau kukitoa. Hati zirudiwe kila mwaka, na mtu akihama, akipata mpangaji mpya, au akioa, kibao kinarudi kwa mratibu mpaka uchunguzi ufanywe upya.

Kabla ya yote hayo, nendeni ana kwa ana kwa mkuu wa polisi wa eneo, ofisi ya ustawi wa jamii na mwalimu mkuu, mkiwa na masharti yenu yameandikwa. Mwanasheria ayasome pia, hasa kuhusu nani anawajibika mtoto akiumia akiwa barazani kwa mtu. Haya hayamalizwi kwa barua kama hii yangu.

Na yule mtoto wa miaka 8. Miezi miwili imepita na bado hataki kutoka peke yake. Kama pia analala vibaya, anaota ndoto za kutisha, amerudia kukojoa kitandani, au anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, wazazi wake wasingoje zaidi. Wampeleke kwa mshauri wa watoto au daktari. Hofu iliyovuka mwezi mmoja ikiwa bado imeshika hivyo inahitaji mtu aliyeisomea. Wasimlazimishe, wala wasimfungie ndani. Waende naye hadi shuleni, kesho wabaki nyumba ya mwisho kabla ya geti, wiki ijayo nyumba ya kabla yake, kwa kasi anayoiweza yeye. Na vibao vikiwa tayari, mwulizeni yeye, akipenda, awaonyeshe ni mlango upi kati ya ile saba angeutaka ufunguke siku ile.

Mzee aliyeuliza swali, msimwache nje. Akikubali kuchunguzwa kama wengine, mpeni kazi ya kuzipitia nyumba zote kila muhula, kugonga bila taarifa, na kuhesabu dakika hadi afunguliwe.